Taarifa ya Habari kutoka Kabatini

Ipo nchi, na msiulize iko upande gani, maana waliouliza waliambiwa wapige magoti. Nchi hiyo haikuwa na rais, ilikuwa na Kaka Mkuu. Mawaziri nao hawakuwapo. Walikuwapo viranja: Kiranja wa Chakula, Kiranja wa Usafi, Kiranja wa Taaluma, Kiranja wa Mabweni, mpaka Kiranja wa Kengele, aliyekuwa na ofisi ya ghorofa tatu na kengele moja. Katiba yao ilitamka wazi kwamba mtu hataongoza wenzake ukubwani kama hakuwaongoza shuleni. Walioitunga walisema uongozi ni kama kuogelea: ukichelewa kujifunza utakunywa maji. Bunge lilikutana mstarini asubuhi, na kabla ya mjadala wabunge walikaguliwa kucha.

Raia wa kawaida waliitwa njuka, kama wanavyoitwa wanafunzi wapya wa bweni. Mtu aliweza kuishi njuka, akaoa njuka, akazikwa njuka, na msiba wake ukafana. Magazeti yalikuwa huru kabisa. Idara ya Wapiga Kelele iliyasoma tu kila jioni na kuandika majina ubaoni.

Katika nchi hiyo aliishi Hamduni Tindwa, Mpimaji wa Hisia Daraja la Tatu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda kirefu mbele ya ukumbi wa sinema, mgongo kwa pazia na uso kwa watazamaji, na kuandika walichohisi. Fomu ilikuwa na visanduku vitano: Furaha, Furaha ya Kiasi, Huzuni ya Staha, Usingizi wa Heshima, na Ghadhabu. Hiki cha tano kiliwekwa kwa ajili ya ukamilifu tu. Kwa miaka ishirini na miwili Hamduni alihudhuria filamu zaidi ya elfu moja na hakuona hata moja. Alizijua kwa nyuso, kama mtu anavyojua mchuzi kwa harufu ya nyumba ya jirani.

Kazi hiyo haikupewa kila mtu. Siku ya usaili walimwambia nyumba yake inaungua, naye akauliza kama usaili umekwisha. Wakamwajiri papo hapo. Hawakujua, wala hawakuuliza, kwamba alikuwa hivyo tangu kidato cha kwanza. Hakuwa na huzuni wala uchungu. Alikula, akalala, akaamka. Nguo zake alizitundika kwenye misumari ukutani, kwa kuwa hakupenda kabati nyumbani mwake, na sababu hakuitafuta.

*

Mwaka huo akatokea mwanamke aitwaye Tunu Makwega, mwalimu wa hesabu aliyeacha chaki, akatengeneza filamu bila kuomba chochote kwa mtu yeyote. Aliazima kamera ya kupigia harusi. Waigizaji walikuwa wanafunzi wake wa zamani na mlinzi mmoja mstaafu. Serikali ilikuwa imehubiri siasa ya kujitegemea kwa miaka mingi, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kujitegemea kweli, na jambo hilo likaleta wasiwasi mkubwa.

Filamu yenyewe ilihusu shule ya bweni. Kuna njuka mmoja ana sauti nzuri. Kiranja wa bweni anamfanya redio. Mchezo huo kila aliyelala bwenini nchini humo aliujua: njuka anafungiwa ndani ya kabati la nguo, kiranja anagonga mlango mara tatu na kusema, "Redio, washa." Hapo njuka anasoma taarifa ya habari. Kiranja akizungusha kitasa, njuka anabadili stesheni: muziki, mpira, matangazo ya vifo. Asipowaka haraka, kabati linapigwa mateke mpaka liwake. Katika filamu njuka anavumilia mwaka mzima, kisha inafika siku ya kulipiza kisasi.

Viranja walikutana kwa dharura. Kiranja wa Taaluma alishauri ipigwe marufuku. Kiranja wa Usafi akauliza kwa sababu gani. Kiranja wa Taaluma akasema kwa sababu inatuhusu. Kiranja wa Taaluma akapelekwa nje kukata nyasi. Jioni ile Kaka Mkuu alilihutubia taifa. Alisema filamu hiyo ni ya watoto wa shule na haiwahusu watu wazima, na mwananchi yeyote atakayeona inatuhusu aeleze kwa maandishi inatuhusu vipi, nakala tatu, aambatishe picha.

Kwa hiyo ikaruhusiwa, kwa sharti moja. Ionyeshwe, na mpimaji apime. Ikionekana imewatia watu ghadhabu, Tunu Makwega apelekwe Chuo cha Adabu. Waliotoka chuo hicho walikuwa watulivu sana. Mmoja wao aliamkia viti.

Tunu alimfuata Hamduni ofisini kabla ya safari ya mikoani. Hakubembeleza. Aliuliza kama ni kweli kwamba maisha yake yatategemea karatasi moja ya mzee mmoja. Hamduni alimjibu kwamba karatasi ni mbili, ya pili ni nakala.

"Na filamu umeiona, mzee?"

"Kazi yangu si kuona filamu, binti. Kazi yangu ni kuona watu."

Tunu akasema kwamba marehemu baba yake mwenyewe hakuwahi kulala chumba chenye kabati. Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaondoka. Hamduni akachonga kalamu yake, ingawa ilikuwa ya wino.

*

Mji wa kwanza ulikuwa Mkongoroni. Watu walicheka mwanzo mpaka mwisho wa michezo ya kabatini. Waliiona ni utani wa shule, na wengi waliukumbuka, upande huu au upande ule wa mlango. Hamduni akaandika Furaha ya Kiasi. Lakini ilipofika saa ya kisasi jambo likaharibika, kwa sababu nyuso zilipotea. Ukumbi uliingia giza totoro, na giza likakaa dakika nne nzima. Mpimaji hupima kwa mwanga wa pazia unaowaangukia watazamaji. Pazia likiwa jeusi, hana cha kupimia. Alisikia pumzi tu, na mbao zikigongwa mahali fulani nyuma yake. Taa zilipowaka filamu ilikuwa imekwisha na watu wamekaa kimya, mikono magotini.

Nje ndipo ugomvi ulipoanza. Mwenye bucha alisema ameona kwa macho yake yule mtoto akilichoma moto bweni. Fundi cherehani akasema si kweli, mtoto alimchoma kiranja kwa bikari, tena kwa mkono wa kushoto. Mama muuza vitumbua akawashangaa wote wawili, maana yeye aliona watoto wale wakila sahani moja na kusameheana, na alilia. Wakashikana mashati. Polisi wakaja, wakaichukua filamu kama ushahidi, wakaikagua kipande kwa kipande usiku kucha. Hawakukuta kitu. Dakika nne za kisasi zilikuwa nyeusi tupu. Tunu alikuwa ameiweka kamera ndani ya kabati, akafunga mlango.

Ripoti ya polisi ilisema: kisasi hakionekani, kwa hiyo hakiwezi kukatwa.

Mji wa pili mwalimu mkuu wa shule moja alisimama taa zilipowaka, akavuka viti mpaka kwa mpagazi wa sokoni, akamwomba msamaha kwa mambo ya bweni la nne. Mpagazi alimtazama, akasema hamkumbuki. Mwalimu mkuu akamsihi akumbuke. Mpagazi akajaribu kwa moyo wote, maana alikuwa mtu mwema, lakini hakufanikiwa, na mwalimu mkuu akarudi nyumbani ameinama. Mji wa tatu hakuna aliyesema neno, ila siku iliyofuata makabati sita yalikutwa jalalani.

Kwa dakika zile za giza za miji yote hiyo Hamduni alijaza Usingizi wa Heshima, asilimia mia. Alijitetea moyoni kwamba gizani huwezi kutofautisha jicho lililofumba na jicho lililofumbua. Utetezi huo ulikuwa wa kweli. Kwamba ulimwokoa Tunu mara tatu, hilo hakulifikiria sana. Alifikiria mambo machache na kwa zamu.

*

Asilimia mia ya usingizi ikawatia shaka wakubwa. Watu waliolala hawatupi makabati. Ikaamriwa filamu ionyeshwe mji mkuu, mbele ya Kiranja wa Mabweni mwenyewe, Mheshimiwa Bahatisha Kolongo, pamoja na watumishi mia moja waliochaguliwa kwa tabia. Watumishi walifanya mazoezi siku mbili. Afisa mmoja alisimama pembeni na vibendera: cheupe maana yake cheka, cha kijani piga makofi, cha njano tikisa kichwa kwa masikitiko lakini usizidishe.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo Hamduni hakuwahi kulisema. Alipokuwa kidato cha kwanza, bweni la tatu, alikuwa redio kwa mihula miwili. Alikuwa na sauti. Na kiranja aliyekuwa akigonga lile kabati alikuwa Bahatisha Kolongo. Walikuwa wamepishana kwenye ngazi za ofisi za serikali mara nyingi tangu hapo. Hamduni alimpa shikamoo, na Mheshimiwa aliipokea bila kutazama ilikotoka.

Filamu ikaanza. Mheshimiwa Kolongo alikaa mstari wa mbele, magoti yake yanakaribia kigoda cha Hamduni. Alicheka kabla ya kibendera. Alifurahia hasa mahali njuka anapopima uwanja wa mpira kwa njiti ya kiberiti. Akamgeukia msaidizi wake akamwambia kwamba ndiyo maana vijana wa leo hawajui vipimo. Hamduni akaandika Furaha. Mkono wake ulikuwa mtulivu kama mkono wa saa iliyosimama.

Kisha likaja giza. Vibendera havikuonekana tena. Mia moja walibaki bila maelekezo.

Nyuma ya Hamduni, karibu na kisogo chake, mbao ikagongwa. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Sauti ya kijana ikasema, "Redio, washa."

Na Hamduni akawaka.

Hakukusudia. Mdomo ulifunguka wenyewe, ikatoka sauti nyembamba, safi, ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka arobaini na tano.

"Hii ni Redio Kabati, inakutangazieni kutoka bweni la tatu. Ifuatayo ni taarifa ya habari. Kiranja wa bweni, ndugu Kolongo, leo amekula mikate ya njuka wanne, na hali yake ni njema. Njuka mmoja ameamriwa kulizimisha jua kwa kulipuliza, na juhudi zinaendelea. Hali ya hewa: humu ndani ni joto."

 Halafu, kutoka mstari wa mbele, likaja jibu. Nalo pia lilitoka kama chafya, bila mwenyewe kulipangia.

"Ongeza sauti."

Hamduni akaongeza. Na alipoongeza, mwanamke mmoja mstari wa tano, wa masjala, akaanza kusoma matangazo ya vifo, akimtaja marehemu kwa jina ambalo lilikuwa lake mwenyewe. Nyuma yake mhasibu mkuu akatangaza mpira, timu mbili ambazo hazikuwahi kuwapo, bila bila. Mwingine akaimba. Mwingine akasoma bei za mazao. Redio thelathini, hamsini, themanini, kila moja kwenye stesheni yake gizani, wala hakuna iliyoisikiliza nyingine.

Hamduni aliyazoea masikio yake kama seremala anavyozoea patasi. Katikati ya zile redio akasikia moja ndogo sana, karibu na magoti yake. Ilisema: "Hii ni redio ya bweni la kwanza. Kiranja wa bweni leo ameridhika. Njuka Kolongo anaomba kutoka. Narudia, njuka Kolongo anaomba kutoka."

Taa zikawaka. Redio zote zikazimika. Watumishi walikuwa wamekaa wima, mikono kifuani. Afisa akainua kibendera cha kijani, na makofi yakapigwa kwa mpangilio mzuri mno.

*

Mheshimiwa Kolongo alimwita Hamduni chumba cha pembeni, akafunga mlango, akakaa. Alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu. Alimtazama kwa mara ya kwanza, akamjua.

Wengine wangetarajia aibu. Mheshimiwa alisema tu kwamba alipokuwa Kiranja wa Bweni alikuwa na redio sita, na hakuna iliyokuwa na sauti kama ile. Kisha akadai majina ya wapiga kelele.

"Palikuwa giza, Mheshimiwa."

"Una masikio."

"Fomu inauliza nyuso."

Mheshimiwa akatoa fomu mpya. Akasema basi iandikwe Ghadhabu, mia kwa mia, jambo liishe. Yule binti aende Chuoni, wao waende wakale. Akasukuma fomu mezani. Halafu akauliza taratibu, akitazama dirisha ambalo halikuwa na kitu nje:

"Na mstari wa mbele? Ulisikia chochote?"

"Nilisikia."

Sheria ilijulikana na wote. Kiranja ambaye jina lake limeandikwa ubaoni hurudi kuwa njuka siku hiyo hiyo, anavuliwa beji hadharani, na wenzake humwimbia. Palihitajika maneno mawili tu, Bahatisha na Kolongo, na Hamduni alikuwa ameshika kalamu. Alijipekua ndani kama mtu anavyopekua mifuko akitafuta ufunguo: akatafuta hasira, akatafuta furaha, hata chuki kidogo ya kuanzia. Hakukuta. Alichokikuta ni ile sauti ndogo inayoomba kutoka, na hiyo hakujua aiweke kisanduku gani.

Akaviacha visanduku vyote vitano vitupu. Chini ya ukurasa palikuwa na mstari wa Maelezo Mengineyo, ambao hakuwahi kuutumia. Akaandika neno moja: *Tuliwashwa.* Akatia sahihi. Tarishi wa Kaka Mkuu, aliyekuwa akisubiri mlangoni, akaichukua fomu kabla Mheshimiwa hajavaa miwani.

*

Fomu ilifika kwa Kaka Mkuu saa tisa alasiri. Kamati ya watu watatu iliundwa kulitafsiri neno lile. Mmoja alikuwa mtaalamu wa lugha, wa pili daktari wa mifugo, wa tatu hakujulikana. Hakuna kati yao aliyewahi kufungiwa kabatini. Wote walikuwa viranja, na kiranja hawashwi, huwasha. Walikaa mpaka jua likazama, wakaleta taarifa kwa kauli moja.

Watumishi mia moja na Mheshimiwa mmoja walikuwa wamewashwa. Walijikuna. Bila shaka adui asiyelitakia taifa mema alipaka upupu kwenye viti. Kelele zilizosikika ni kelele za kawaida za mtu mwenye upupu mwilini. Kwa kuwa kuwashwa si hisia bali ni maradhi, sheria ya filamu haihusiki, na Bi. Tunu Makwega hana hatia yoyote. Aendelee kuonyesha filamu yake, mradi viti vipanguswe. Tena mtaalamu wa lugha alipigia mstari kiambishi "tu", akaeleza kwamba kinamjumuisha kila aliyekuwamo. Kwa hiyo wote watibiwe bila ubaguzi wa cheo, na atakayekataa dawa atahesabiwa ndiye aliyeleta upupu.

Asubuhi foleni ya zahanati ya serikali ilizunguka jengo. Tunu alipita hapo akienda kuchukua filamu yake. Akasimama mbele ya Hamduni.

"Mzee, fomu yako nimesomewa redioni."

"Ndiyo."

"Umeandika vizuri."

"Nimeandika kilichotokea, binti."

Alitaka kumuuliza Tunu yule mtoto kabatini alifanya nini mwishoni, ila aliona ni swali la mtu aliyekuwa akitazama upande mwingine. Tunu akamshika bega, akaenda zake. Bega lilibaki na uzito wa ule mkono kwa muda. Hamduni akauacha ukae.

Gari la Mheshimiwa Kolongo likafika. Msaidizi alitangulia kupisha watu, Mheshimiwa akachomeka foleni kwa desturi, mbele ya Hamduni, na hakuna aliyelalamika. Hakugeuka. Aliongea akiwa ameelekea dirisha la dawa.

"Ungeweza kuliandika jina langu."

"Ningeweza."

"Mbona hukuandika?"

Hamduni hakuwa mtu wa kubuni.  Alisema tu kwamba foleni imesogea.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye usingizi, Bi. Mwanakheri, na kijiti chenye pamba, na bakuli la ile dawa ya zambarau inayokaa kwenye ngozi wiki mbili. Hakuinua macho kuangalia beji.

"Vua shati, baba. Unawashwa wapi?"

Mheshimiwa alivua koti, akavua shati, akabaki na singilendi. Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko koti. Akaangalia foleni nyuma yake: mama wa masjala, mhasibu, dereva, redio zote zimezimwa, wanamsubiri amalize. Hakuna aliyecheka. Kibendera hakikuwapo.

"Unawashwa wapi?" akarudia muuguzi. "Tuna watu."

Akainua mkono, akauweka kwenye koo, akaushusha mpaka kifuani, ukasimama hapo.

"Humu ndani," akasema.

Bi. Mwanakheri akatazama bakuli lake, akatazama kifua cha mzee yule.

"Hii ni ya kupaka nje tu. Ya ndani hatujaletewa."

Mheshimiwa Kolongo akasimama na shati mkononi. Nyuma yake Hamduni Tindwa alikuwa ameshaanza kufungua vifungo.

"Basi paka hiyo hiyo," akasema Mheshimiwa.